Neno Nililoandika kwenye Fomu ya Bima

Jumanne, 3 Machi

Miezi kumi na minne na siku tisa tangu nitoke nyumbani. Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, ikaingia gerejini ninapofanya kazi kupitia lile bati ambalo Fundi Mkuu, mwenye gereji, anasema atalibadilisha tangu siku nilipofika. Nimenunua daftari hili kwa sababu mke wangu analalamika kwamba kwenye simu siku hizi sina maneno. Maneno ninayo, yanachelewa tu. Nimemwambia mvua zikiisha narudi. Akauliza, "Mvua za mwaka gani?"

Shule niliachia darasa la sita. Lakini mwandiko wangu ni mzuri, hata mwalimu aliyekuwa ananichapa alilikubali hilo.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Tumeshusha giaboksi ya lori. Mgongo.

Jumamosi, 7 Machi

Niandike kazi yetu, maana mke wangu anawaambia watu kwamba mimi ni injinia na sijamkatalia.

Ukiacha breki na kumwaga oili, gereji hii inajulikana kwa kuamsha magari. Kuamsha ni neno letu la hapa. Unaunganisha waya kwenye kompyuta ya injini, unaiambia imwage mafuta zaidi na isukume hewa zaidi, unatoa nozeli za kiwandani, zile zinazonyunyiza mafuta ndani ya injini, unaweka kubwa kuliko zile. Gari lililokuwa linapanda mlima likihema linapanda kama limetumwa. Fundi Mkuu alinifundisha, na sasa kazi hiyo ananiachia mimi kwa sababu nina mkono mwepesi.

Vifaa vya kiwandani hatuvitupi. Tunavifunga kwenye katoni, tunaandika namba ya gari, tunaweka rafuni. Siku ya ukaguzi wa magari wa kila mwaka gari linarudishiwa vyake kwa nusu siku, likishapita tunavitoa tena. Hiyo tunaiita kuvaa sare. Kuna magari hapa yamevaa sare mara tano. Wenye magari wanacheka, sisi tunacheka, na sijawahi kusikia mtu akiuita uongo.

Leo amekuja Mama Dobi. Huyu anafua mashuka ya hospitali iliyo juu mlimani. Kiangazi anayaanika kwake bondeni, lakini mvua zikianza hayakauki, inabidi ayapandishe mabichi kwenye chumba cha kukaushia cha hospitali. Shuka bichi moja si kitu. Mia mbili ni kama kubeba ukuta. Gari lake la mizigo linazimika katikati ya mlima, na nyuma watu wanampigia honi.

"Gari langu limechoka kabla yangu," alisema.

Mwenzangu tunayemwita Redio, kwa sababu hazimiki, akamjibu, "Halijachoka mama, lina usingizi. Huyu Mgeni ataliamsha." Mgeni ndiyo mimi.

"Mliamshe, lakini lisiamke na hasira."

Jumamosi, 14 Machi

Tumelimaliza. Nimelijaribu mwenyewe mlimani na mzigo wote wa mashuka ndani. Limepanda. Mama Dobi alikaa pembeni yangu ameshika mlango kwa mikono miwili, na tulipofika juu akasema taratibu, "Kumbe ndivyo wenzangu wanavyoishi."

Jumapili, 15 Machi

Nimefua. Hazikukauka.

Jumatatu, 23 Machi

Leo nimefanya jambo. Ninaliandika jinsi lilivyo, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu.

Mama Dobi alikuja saa ya chakula na fomu ya bima. Bima yake inaisha mwisho wa mwezi, wakala amemwachia fomu mpya ajaze. Miwani yake imekaliwa na mjukuu. Akaniambia, "Redio anasema una daftari kama karani. Niandikie, mwanangu."

Nilinawa mikono kwa petroli, halafu kwa sabuni, halafu tena kwa sabuni. Nilikaa kwenye kiti tulichong'oa kwenye gari bovu, nikaweka fomu juu ya ubao. Nisiseme uongo, nilijisikia mkubwa. Tangu nije huku watu wananiita nishike, nibebe, nilale chini ya gari. Hakuna aliyewahi kuniita niandike. Jina, anwani, namba ya gari, rangi, mwaka. Kalamu ilikuwa inateleza.

"Tazama mwandiko," alisema, ameinama karibu kabisa na karatasi. "Wewe ulitakiwa uwe mahakamani huko, umekaa chini ya feni."

Redio akasema, "Mahakamani atakwenda tu mama, ila si kwa kuandika." Tukacheka wote.

Nikafika swali la kumi na moja. Nimelishika kichwani: Je, gari limefanyiwa mabadiliko yoyote ya injini, nguvu au umbo tangu litoke kiwandani? Kama ndiyo, eleza. Chini yake kulikuwa na mistari mitatu ya nukta.

Jibu nilikuwa nalo. Mikono iliyoshika kalamu ndiyo iliyofanya kazi yenyewe. Lakini mimi maneno yangu ya kazi ni ya gerejini. Niandike nini? Kwamba nimeliamsha? Mtu wa ofisini akisoma atamwita mwenzake waje wacheke. Nozeli inaandikwaje, kwa z au kwa s? Kompyuta ina t ngapi? Fomu ilikuwa moja, hakuna ya akiba, na nikikosea itabidi nikate mbele yake, huyu aliyekuwa ananiona karani wa mahakama.

"Mbona kalamu imesimama?"

"Nasoma, mama."

"Andika ukweli wote. Miaka kumi na moja niko na hawa watu wa bima, hatujawahi kugombana."

"Ndiyo, mama."

Nikaandika Hapana. Lilitoka zuri, lile H la kwanza lina mkia.

"Na ile ya injini umewaambia?"

Nikasema, "Nimeandika, mama."

Nikamwonyesha kwa kidole pa kuweka saini, akaweka. Akanishukuru mara mbili.

Jumanne, 24 Machi

Redio katania kuhusu mimi na fomu ya Mama Dobi, na Fundi Mkuu amesema mbele ya wote kwamba hakuna mtu duniani anayewaambia watu wa bima habari za injini, wanaongeza ada tu. Nimemsikiliza kama mtu anayepakwa dawa. Lakini mimi sikuandika vile ili kumpunguzia mama ada. Ningetamani iwe hivyo.

Alhamisi, 2 Aprili

Mvua siku ya sita mfululizo. Gari la Mama Dobi limepita mara mbili likipanda. Linaendeshwa na mdogo wake wa kiume, ambaye mtaa mzima unamwita Mjomba. Alinipigia honi. Nikainua spana.

Alhamisi, 9 Aprili

Mwenye duka la mbele kaja na barua ya mwenye nyumba, nimwandikie jibu. Sasa wananitafuta. Nimeiandika kwa ufundi wote, ukurasa mzima, bila kukata popote. Nilipomaliza nikakumbuka mistari mitatu ya Mama Dobi, nikaifunga kalamu.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua. Breki za basi dogo. Hakuna.

Jumanne, 21 Aprili

Gari la Mama Dobi limepata ajali.

Ilikuwa saa nane mchana. Mjomba alikuwa anapanda bila mzigo kwenda kuchukua mashuka machafu. Pale kwenye kona ya duka la dawa alikanyaga mafuta kama alivyozoea akiwa na mzigo. Barabara ina tope, gari ni jepesi, injini ina nguvu. Matairi ya nyuma yakazunguka bure, mkia ukaenda upande, likagonga ukuta wa duka la dawa na kuingia mtaroni. Hakufa mtu. Muuza dawa alikuwa upande wa pili anatafuta chenji. Mjomba amevunjika mkono mahali pawili.

Tulikimbia pale. Mbele ya gari imekunjika vibaya. Mama Dobi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka la dawa, nguo imelowa, anamshikia mdogo wake kofia.

Aliponiona akasema, "Afadhali tuna bima."

Nikajifanya nachungulia matairi.

Kuna jambo jingine nilitakiwa niseme siku ile ya tarehe kumi na nne. Gari lililoamshwa, likiwa tupu, kwenye maji, linakanyagwa taratibu. Vijana wanaokuja kuamsha magari yao ya mashindano tunawaambia, hata kama hawasikii. Mjomba ana miaka hamsini na kitu, hakuna aliyemwambia. Nilidhani dobi hana haja ya kuambiwa mwendo.

Jumatano, 22 Aprili

Fundi Mkuu ameniita nyuma ya kontena.

"Mgeni, lile gari livae sare."

"Limeshapata ajali, Fundi."

"Ndiyo maana. Mkaguzi wa bima anakuja Jumanne. Akikuta nozeli zetu, mama hapati hata senti, na mimi na wewe tunaulizwa. Unataka mama akose?"

"Sitaki."

"Basi katoni iko rafuni."

Sikumwambia nilichoandika kwenye fomu. Nilijiambia kwamba nikilirudishia gari vyake, basi lile neno nililoandika litakuwa kweli. Ndivyo nilivyowaza, neno kwa neno.

Alhamisi, 23 Aprili

Tumefanya, mchana kweupe. Tulikwenda na turubai kwenye uwanja yanapowekwa magari ya ajali, tukamwambia mlinzi tunataka kulifunika lisinyeshewe. Mlinzi akatusifu kwa utu wetu. Redio alishika ncha ya turubai akampigia mlinzi hadithi za mpira, mimi nikaingia chini na begi. Tope hadi shingoni. Nozeli nne, na ile kompyuta nikairudisha ilivyotoka kiwandani. Saa tatu nzima. Sijawahi kufanya kazi safi namna ile, na sijawahi kujichukia nikiwa na spana mkononi, ila leo.

Wakati tunatoka Redio alisema, "Tumemsaidia mama."

Mimi nikafunga zipu ya begi, akaendelea na mpira.

Jumanne, 28 Aprili

Mkaguzi ni dada mwembamba, amevaa buti za mvua na koti refu, ana faili ndani ya mfuko wa nailoni. Alitukuta uwanjani wote: Mama Dobi, Fundi Mkuu, Redio na mimi. Mimi nililetwa kwa sababu boneti imekunjika, inahitaji mtaimbo. Nikaifungua.

Aliangalia injini kwa muda mrefu bila kugusa.

"Fundi, hizi nozeli ni za kiwandani?"

"Za kiwandani kabisa, dada," alisema Fundi Mkuu. "Gari la mama ni la kazi, si la mashindano."

"Na Jumanne iliyopita zilikuwa za wapi?"

Akatoa simu. Kumbe siku ya ajali alipita pale saa tisa, kabla gari halijavutwa, akapiga picha. Mdomo wa gari umekunjika, boneti imejibinua upande mmoja, na kwenye uwazi ule nozeli zetu zinang'aa kama meno ya bandia. Akamsogezea Fundi Mkuu picha, kisha akaelekeza kidole kwenye injini. Boliti nilizofunga mimi zilikuwa safi, na kila kitu kilichozizunguka kina tope kavu.

Fundi Mkuu alikohoa. Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alizimika.

"Mama," alisema yule dada, na sauti yake haikuwa kali, "hili nitalishughulikia na mafundi. Wewe nina swali lako moja." Akatoa fomu. Niliijua kabla hajaikunjua. "Swali la kumi na moja limejibiwa Hapana. Nani aliandika hapa?"

Mama Dobi sasa ana miwani mpya. Aliishika ile fomu akaisoma. Nikaona midomo yake inalifuata lile swali hadi mwisho, halafu inalifikia lile neno. Akainua macho akanitazama. Hakunitazama sana. Ilikuwa kama mtu anavyofunua sufuria kuona kama imeiva, akafunika.

"Nimeandika mimi," alisema.

"Wewe mwenyewe?"

"Mwandiko wangu huo."

"Ni mwandiko mzuri."

"Zamani tulifundishwa."

"Basi ulijua kwamba injini imeongezwa nguvu, ukaandika haijaongezwa."

"Nilijua."

Yule dada alifuta matone ya maji kwenye fomu. Mvua ilikuwa inagonga lile koti lake. "Mama, ukiniambia ulijua, mimi sina pa kukushikia. Kampuni haitalipa. Fikiria kabla sijaandika."

"Andika."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale, mtaimbo mkononi. Neno lilikuwa moja tu la kusema, nalo ni mimi. Nilikuwa nalo mdomoni, nililisikia hata ladha yake. Yule dada akaandika, akafunga faili, akaingia kwenye gari lake. Mama Dobi akavuta kitambaa kichwani akashuka kwa miguu. Na mimi nikafunga boneti, kana kwamba boneti ile bado ina maana.

Jumatano, 29 Aprili

Sina la kuandika.

Ijumaa, 1 Mei

Siku ya mapumziko. Mvua. Mke wangu kapiga simu.

"Kuna nini?"

"Mvua."

"Sikuulizi hali ya hewa, baba watoto."

Nikasema chaji inaisha.

Jumatatu, 4 Mei

Nimemwona Mama Dobi barabarani. Amekodi mkokoteni. Yeye na wasichana wake wawili wanaofua wanapandisha mashuka mabichi mlimani kwa mikono. Wasichana wanavuta, yeye anasukuma, nailoni imefunika mzigo, wao hawajafunikwa na chochote. Walipofika mbele ya gereji wakasimama kupumzika.

Mimi nilijificha nyuma ya lori. Mtu mzima, baba wa watoto watatu, nimechuchumaa nyuma ya tairi, nahesabu nati kwa macho hadi waondoke. Redio aliniona. Akaenda yeye akawasaidia kusukuma hadi kona.

Aliporudi alisema, "Mama kauliza kama unaumwa."

Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia.

Jumatano, 6 Mei

Nimekwenda kwenye ofisi ya bima. Ghorofa ya pili, sakafu inang'aa, nimeacha alama za viatu kuanzia mlangoni hadi kwenye kiti. Dada wa mapokezi alikuwa anaziangalia zile alama, haniangalii mimi. Nilisubiri saa moja na nusu. Mkaguzi alipotoka alinijua mara moja.

"Wewe ndiye wa mtaimbo."

"Ndiyo, dada. Nimekuja kuandika."

Hakuuliza nini. Aliniingiza chumbani, akanipa karatasi tupu na kalamu, akakaa mbele yangu. Niliandika hivi: Hili gari liliongezewa nguvu ya injini kwa kubadilisha nozeli na kupanga upya kompyuta yake. Aliyefanya ni mimi. Mwenye gari aliniomba nijaze fomu kwa ukweli, nikaandika uongo, nikamwambia nimeandika ukweli.

Nikatazama. Hayo maneno ya kwanza, yale ya injini, hayakujaza hata mistari miwili.

Alichukua fomu akaiweka pembeni ya karatasi yangu. H kwa H, mkia kwa mkia.

"Mwenye gereji alikwambia uandike hivyo?"

"Fomu hapana. Fomu ni mimi peke yangu."

"Ili mama asiongezewe ada?"

Ningeweza kusema ndiyo, ingesikika vizuri. Nikasema, "Sikujua nozeli inaandikwaje. Mama alikuwa ananitazama. Niliona aibu kukata."

Nilidhani atacheka, na ningependa acheke. Hakucheka. Alisoma tena karatasi yangu akasema, "Umeiandika sawa." Halafu akasema jambo ambalo nalibeba tangu muda huo. "Magari ya mizigo yaliyoongezwa nguvu tunayakatia bima kila siku. Ungetuambia, tungeongeza ada kidogo tu. Lingekuwa limekwisha."

Nikaangalia alama za viatu vyangu.

Kisha akaniuliza habari ya sare. Nilimweleza: nani aliagiza, nani alifunga, siku gani, saa ngapi. Redio sikumtaja. Alisema kosa la fomu ni jambo la kampuni, lakini kugusa gari la ajali ili kumdanganya mkaguzi ni jambo la polisi, na hawezi kulifumbia macho hata akitaka. Nikasema najua. Sikuwa najua, lakini nilisema.

Alhamisi, 7 Mei

Nimefukuzwa. Fundi Mkuu alikuwa ameshapigiwa simu. Hakupiga kelele, alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nilikupokea huna hata spana namba kumi."

"Ndiyo, Fundi."

"Nikakufundisha kazi ambayo wengine nawakatalia."

"Ndiyo."

"Nikuulize kitu, na usinijibu kwa haraka. Jana ulikwenda kule kumwokoa mama, au ulikwenda kujiosha?"

Sikumjibu kwa haraka. Hata sasa sijamjibu.

Redio alinisindikiza hadi getini na begi langu. Alisema, "Sikujua ungeweza." Sijui alimaanisha la fomu au la ofisini.

Jumanne, 19 Mei

Nimeitwa polisi, na Fundi Mkuu pia ameitwa. Yeye anasema hakuagiza chochote, kwamba Mgeni alijituma mwenyewe. Tutasikilizwa mahakamani Jumatano ya tarehe kumi na saba Juni, na hadi hapo natakiwa kwenda kituoni kila Jumatatu kuweka saini. Askari anayeshika kitabu anasema kwa kuwa nimekiri na ni mara ya kwanza, huenda nikapewa onyo au faini. Anasema huenda.

Ya Mama Dobi yameamuliwa. Watu wa bima wamekubali kwamba kwenye fomu hakudanganya. Watamlipa karibu yote, wamekata sehemu ndogo kwa ile ada ambayo hakuilipa kwa sababu yangu. Nilisikia kwa mwenye duka. Nilifurahi kama kwa pumzi moja, halafu nikakumbuka kwamba bado sijakwenda kwake.

Jumatatu, 25 Mei

Nimekwenda. Nilitoka kituoni kuweka saini, miguu ikanipeleka yenyewe, nadhani kwa kuwa kichwa kilikataa.

Ua wake umejaa mabeseni. Alikuwa anakamua shuka na msichana mmoja, kila mtu kashika upande wake, wanasokota. Aliniona, akaendelea kusokota hadi maji yakaisha. Ndipo akamwambia msichana aende akaangalie jiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, mimi…"

"Najua ulilofanya. Limesomwa mbele yangu, na karatasi nimeonyeshwa."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Nimesikia." Akakunja lile shuka. "Sasa nisikilize na mimi. Siku ile uwanjani nilikuona unatetemeka. Nikasema huyu yuko mbali na kwao, wakimkamata nani atampelekea hata sabuni? Nikasema nimeandika mimi. Nina miaka sitini na miwili, sikuwahi kumdanganya mtu aliyeshika kalamu. Sikuwahi. Na nilipofika nyumbani nikalala vizuri."

Nikaokota kibanio cha nguo kilichoanguka miguuni pake.

"Hilo ndilo linaloniuma. Si gari. Gari ni bati. Nililala vizuri, mwanangu. Nilikuwa tayari kwenda kuapa kwa ajili ya uongo, na nikaona nimefanya wema. Wiki nzima nikiwasukumia wasichana mkokoteni najiona mwema. Kisha ninaitwa ofisini, naambiwa yule kijana kaja mwenyewe, na yule dada ananiuliza, mama, kwa nini ulitudanganya? Nikakosa pa kuweka macho."

"Kosa ni langu, mama."

"Lako ni lako. Hili langu usilichukue." Alininyooshea ncha ya shuka jingine, zito, linachuruzika. Nikaishika. Tukasokota. Ana nguvu kuliko mimi.

Tulipomaliza akasema, "Mkokoteni uko pale. Sikukuita na sikufukuzi."

Jumanne, 26 Mei

Nimepandisha mara tatu. Mvua kidogo asubuhi. Wasichana hawaongei na mimi, ila mmoja kanionyesha pa kushika ili mkono usichubuke.

Jumamosi, 30 Mei

Mara nne. Pale mbele ya gereji napita polepole kwa sababu ya mlima, siwezi kukimbia hata nikitaka. Fundi Mkuu anaangalia pembeni. Mimi siangalii pembeni. Nimejaribu, lakini mkokoteni unapinda.

Jumatano, 3 Juni

Mjomba katolewa plasta. Alikaa kwenye ngazi akanitazama ninavyopakia, kisha akaniuliza kwa upole kabisa ni kwa nini gari liliserereka. Nikamweleza kila kitu, kwamba likiwa tupu, kwenye maji, linakanyagwa taratibu, na kwamba nilijua na sikumwambia.

Alijipapasa ule mkono. "Mimi niliwaambia wote nimezeeka," akasema. "Nimemwambia hata dada atafute dereva mwingine."

Nikamwambia hakuzeeka. Nilimwambia mara tatu. Sijui kama ameamini.

Jumatatu, 8 Juni

Jua siku tatu. Mashuka yameanza kukauka bondeni, yamejaa kwenye kamba kutoka ukutani hadi ukutani. Mkokoteni umerudishwa kwa mwenyewe. Gari jipya la Mama Dobi, jipya kwake, litakuja mwisho wa wiki. Hakuniomba nilitazame, na mimi sikujitolea.

Nimempigia mke wangu simu, na nimehakikisha chaji imejaa. Nimemweleza tangu fomu hadi kituo cha polisi. Hakunikatiza. Nilipomaliza nikasikia kuku kule nyumbani, na mtoto anauliza ni nani. Akamwambia, "Ni baba, nenda kacheze."

Halafu akasema, "Na mimi nimewatangazia watu injinia."

"Najua."

"Wataniuliza."

"Najua. Ndiyo maana nafikiria basi la jioni. Linafika alfajiri, watu wamelala, naingia ndani kimya kimya."

Nikasikia anafunga mlango.

"Wewe umeua mtu?"

"Hapana."

"Basi panda basi la asubuhi. Sitaki mume anayeingia nyumbani kwake kama mwizi. Nitakuja kituoni na watoto, tutapita sokoni tununue mboga, atakayetaka kukutazama akutazame."

Nikamwambia watauliza mbele ya watoto. Akasema, "Utajibu mbele ya watoto."

Kesi ni Jumatano, tarehe kumi na saba. Wakiniachia, Alhamisi nitakwenda kumuaga Mama Dobi na Mjomba, Ijumaa nitakata tiketi. Nitafika Jumamosi, tarehe ishirini Juni, saa nane mchana.